Askari Ninayedaiwa Kumuuma

Bweni la Wasichana
4 Februari

Mdogo wangu,

Nimekupigia simu Jumapili, Jumatatu na jana. Inaita mpaka inachoka yenyewe. Jana mkeo akaipokea, akasema uko bafuni. Siku tatu bafuni, unaoga nini? Basi nimeshika kalamu kama watu wa zamani, maana barua angalau unajibu. Na hilo nalo nimelishangaa: mtu aliyekuwa hawezi kuandika hata kadi ya pole, siku hizi ananiletea kurasa nne.

Nimesoma makaratasi ya utetezi wa polisi uliyonitumia. Nimeyasoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Kwamba ulitoka mlango wa nyuma wa ukumbi wa muziki umebeba gitaa, hilo najua. Lilikuwa la mteja wako, na mwenyewe alikwenda kituoni kesho yake akasema wewe ni fundi wake, wakakuachia. Kwamba walikuwa wanamsaka mwizi wa vyombo, sawa, wasake. Kwamba walikuvunja kiwiko na kukupiga mateke ukiwa umelala kifudifudi na pingu mikononi, hilo ndilo ulilowashtakia, na ndilo tunalolipigania mwaka wa pili huu. Lakini hii nyingine imetoka wapi? Wanasema walikuamuru usimame ukakaidi. Askari akakugusa bega, ukamkamata mkono, ukauvuta mdomoni ukitaka kumuuma.

Wewe, umeanza lini kuuma watu?

Mimi ni matroni. Kazi yangu ni kusikiliza uongo kuanzia kengele ya asubuhi. Na huu, mdogo wangu, unanisumbua kwa sababu ni wa ajabu mno. Askari akitaka kukusingizia atasema ulichomoa kisu. Hatasema ulitaka kumtafuna mkono. Kuna kitu hapo. Nieleze, tena usinizungushe.

Dada yako


Karakana
13 Februari

Dada, shikamoo.

Simu yangu ni mbovu, spika yake imekufa. Nimeshakwambia hilo zaidi ya mara moja, na wewe hutaki kuamini kwamba kitu kinaweza kuharibika bila ruhusa yako.

Kesi imeahirishwa tena. Mara ya kwanza jaji alikuwa likizo. Mara ya pili faili lilipanda ghorofa ya juu likakataa kushuka. Wiki iliyopita jaji yupo, faili lipo, wakili wangu kavaa tai mpya, nikasema leo ndiyo leo. Wakili wa serikali akasimama, akasema shahidi wake amefiwa. Tukainuka, tukaenda nyumbani. Lile benchi la nje ya mahakama limeshayazoea makalio yangu kuliko kiti cha karakana.

Kuhusu kuuma, sikumuuma mtu. Kwenye hati ya kiapo nilisema mambo mawili: hakuna aliyeniamuru kusimama, na sikumuuma mtu. Nimeapa, nimetia saini, wakili akasema inatosha. Ikimtosha yeye aliyesomea, na wewe ikutoshe.

Kinachonikera ni Mama wa Vitambaa. Duka lake linatazamana na ule mlango wa nyuma wa ukumbi, na kumbe ndiye shahidi wa polisi. Ati aliwasikia wakiniita. Miaka yote hii namtengenezea redio yake, sijamtoza hata senti, leo anakwenda kusimama upande wao. Nani kamfundisha maneno hayo, sijui.

Kiwiko bado hakinyooki. Daktari anasema kilijiunga vibaya, lazima kifunguliwe na kupangwa upya, na hilo halifanyiki mpaka kesi ilipe. Kwa sasa navalisha nyuzi kwa mkono wa kushoto. Gitaa moja linakula mchana mzima.

Mdogo wako


Bweni la Wasichana
21 Februari

Wifi yangu,

Nakuandikia wewe kwa sababu mdogo wangu ameamua kunifanya mtoto. Fundi wa vyombo vya muziki, spika ya simu yake imekufa na hawezi kuitengeneza. Hebu niambie kama wewe ungelimeza hilo.

Nimempigia Mama wa Vitambaa. Namba yake ninayo tangu nilipomnunulia marehemu mama mapazia. Nilimpigia nikiwa na hasira, nikiwa nimepanga maneno makali. Hakuniacha niyaseme. Alianza kulia. Akasema, "Dada, nililia siku ile nikiona anavyopigwa, na hilo nitalisema mbele ya jaji, wapende wasipende. Lakini walimwita. Walipiga kelele mpaka mimi niliyekuwa ndani, na cherehani inakwenda, nikatoka nje. Yeye akawa anatembea tu, hana habari. Nitasema nilichokiona na nitasema nilichokisikia. Mimi siwezi kukata kipande."

Sasa, wifi, mimi nawajua watu waliofundishwa maneno. Wanayasema vizuri mno. Huyu mama alikuwa anajikanyaga kama mtu mkweli. Kwa hiyo mdogo wangu ameapa uongo, na sielewi kwa nini, maana uongo wenyewe haumsaidii. Mnanificha nini ninyi wawili? Na tafadhali, usiniambie yuko bafuni.

Wifi yako


Hospitali, chumba cha kufulia
3 Machi

Shikamoo wifi,

Naandika kazini, mashine za mashuka zikizunguka, kwa sababu nyumbani angeniona. Nimechana barua mbili kabla ya hii. Nimechoka kukudanganya. Bafu la nyumba yetu huwezi hata kujigeuza ndani yake, na mimi nimemweka mume wangu humo miaka miwili.

Mdogo wako hasikii.

Ni ile homa iliyomlaza baada ya msiba wa mama. Sikio la kulia lilikufa kabisa. La kushoto limebaki kidogo: ukikaa mbele yake ukasema taratibu, anakupata, nusu kwa sikio na nusu kwa kukutazama mdomo. Simu kwake ni mvumo tu. Barua anazipenda kwa sababu barua haimtaki arudie kuuliza.

Utasema, kazi je? Anaweka kidevu kwenye mbao ya gitaa, anapiga uzi, sauti inampandia kwenye mfupa. Vinanda hivyo hivyo, anainama anauma ubao wa pembeni kwa meno. Wateja wakadhani ni mbwembwe za fundi, wakambatiza Kidevu, naye akaliacha jina limfiche. Na anapatanisha nyuzi vizuri kuliko zamani, wifi, hilo nakuapia. Lakini nani atampelekea kiziwi gitaa lake akilijua hilo?

Sasa la bega. Nyumbani nikimtaka simwiti, haina maana. Namgusa bega kutoka nyuma. Hageuki. Anaushika mkono wangu, anauvuta mbele, anauweka shavuni, ndipo anasema "naam". Tulianza kama mchezo wakati ule wa homa, alipokuwa na huzuni, na haukuisha. Siku ile nilimwambia nitampitia ukumbini nikitoka kazini, tuondoke pamoja. Akatoka na gitaa la mteja, akaguswa bega kutoka nyuma, akadhani ni mimi. Aliuvuta mkono wa askari auweke shavuni.

Hajamwambia wakili. Nilimbembeleza amwambie, akaninyamazia wiki nzima, na mtu kama yeye akiamua kukunyamazia, nyumba inakuwa kaburi. Tafadhali usimwambie kama nimesema. Nisitiri.

Wifi yako


Bweni la Wasichana
10 Machi

Mdogo wangu,

Nimeambiwa. Usimgombeze mkeo, nilimbana mimi, na unajua nikimbana mtu anasema. Aliniomba nimsitiri. Nimekaa na siri hiyo siku tatu, sikuweza, nikaona bora unikasirikie mimi kuliko upoteze kesi.

Kwanza nimelia, hilo nalo ulijue. Nimelia kwenye stoo ya magodoro ili wasichana wasinione. Nimekupigia kelele kwenye simu miaka miwili, nimekuita jeuri, nimekuita mtu aliyesahau ndugu zake.

Nikamaliza kulia, nikakasirika upya. Wewe una akili kweli? Umekaa juu ya jibu la kesi nzima kama kuku juu ya yai. Wanasema ulikaidi amri: hukuisikia. Wanasema ulimshambulia askari: ulidhani ni mkeo. Kila walichokisema dhidi yako kina maelezo, na maelezo yote unayo wewe, na badala ya kuyatoa umekwenda kuapa kwamba hawakupiga kelele. Umejuaje kwamba hawakupiga kelele?

Kesho asubuhi nenda kwa wakili. Mwambie. Hati ya kiapo inaweza kurekebishwa kabla ya mashahidi kuanza, nimemuuliza mwalimu wetu wa uraia. Ukitaka niandike mimi, nitaandika.

Dada yako


Karakana
19 Machi

Dada,

Usimwandikie wakili wangu. Ukimwandikia, mimi na wewe basi.

Umepanga kila kitu, hongera. Nikasimame mahakamani niseme mimi ni kiziwi. Nishinde. Halafu? Kiongozi wa bendi ana magitaa yake yote kwangu. Mwalimu wa kwaya ameniachia kinanda mwezi mzima kwa sababu, anasema, hakuna mwenye sikio kama langu mji mzima. Anasema hivyo mbele za watu. Unataka nimwambie nini? Kwamba sikio analolisifu lilishazikwa? Ninapigania kiwiko nirudi kazini vizuri, wewe unataka nikipate kiwiko na nisiwe na kazi ya kukifanyia.

Na hilo la mkono. Wewe unaliona dogo. Mtu mzima kusimama mbele ya jaji, mawakili, makarani na wale wazee wanaokuja kusikiliza kesi za watu kwa kukosa cha kufanya, aseme: mheshimiwa, niliuchukua mkono wa askari nikaubembeleza shavuni kwangu. Bora wabaki wanasema nilitaka kumuuma. Anayeuma angalau ni mwanamume.

Walinipiga nikiwa na pingu. Hilo pekee lingetosha popote penye haki. Kwa nini nijivue nguo ndipo waone kwamba kumkanyaga mtu aliyefungwa ni kosa?

Mke wangu nimemsamehe. Wewe bado.

Mdogo wako


Bweni la Wasichana
27 Machi

Mdogo wangu,

Sawa. Sitamwandikia mtu. Nimekuelewa kuhusu kazi, na kuhusu pingu una haki kabisa, nimekisoma kile kipande mara nyingi.

Nina neno moja tu, kisha nanawa mikono. Wakili wako hajui ukweli. Siku Mama wa Vitambaa atakapotoa ushahidi, yeye atafanya kazi yake. Ataamini hati yako, na atamwambia yule mama mbele ya watu kwamba ni mwongo, amenunuliwa na polisi. Atamuuliza alipewa nini. Nimemsikia mama yule akilia, na najua hakupewa kitu. Wewe hutamsikia, lakini utakuwepo.

Kiwiko kikandwe kwa maji ya moto, si kwa mafuta.

Dada yako


Nyumbani
16 Mei

Dada, shikamoo.

Sijakuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu kwa sababu nilikuwa na aibu, na sasa nimechanganya vyote viwili nikaona bora niandike.

Jumanne kesi ilisikilizwa kweli. Askari alitoa maelezo yake ya kuumwa, akaonyesha mkono wake, hauna hata mkwaruzo. Akaitwa Mama wa Vitambaa. Alikuja na gauni lake la sherehe. Alisema yake, nikaona anavyoonyesha kwa mikono jinsi walivyonipiga, na upande wa serikali wakawa wanapekuapekua makaratasi kama watu waliopoteza ufunguo. Halafu wakili wangu akasimama kumhoji.

Sikusikia hata neno. Alikuwa amenipa mgongo. Lakini yule mama alinielekea mimi, na nilimwona. Kwanza alitabasamu, kama mtu anayedhani ni utani. Kisha akatikisa kichwa. Kisha akashika ule ubao wa kizimba cha mashahidi kwa mikono yote miwili, mdomo unamcheza, na akanitazama mimi. Hakumtazama wakili. Alinitazama kama ananiuliza kama kweli nitaliacha hili liendelee.

Dada, ile sura naijua. Ni yangu. Ndiyo niliyokuwa nayo kituoni nilipowaambia gitaa ni la mteja, na wao wakaandika mwizi.

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, huyu mama anasema kweli. Waliniita. Mimi ndiye nisiyesikia." Nadhani karani aliniambia nikae, mke wangu anasema aliniambia mara nyingi, lakini ndiyo hivyo tena, nikaendelea. Jaji akasema kitu. Nikamwambia asamehe, arudie taratibu, aniangalie. Ukumbi mzima ukageuka. Wakili wangu aligeuka wa mwisho, na uso wake sitausahau. Alikuwa anahesabu kichwani ni wapi pengine nimemdanganya.

Wa serikali akaruka pale pale, maneno yake mke wangu akanieleza baadaye. Kwamba nimeapa uongo. Kwamba uziwi wenyewe ni wa kuigiza, fundi wa muziki gani asiyesikia. Jaji akaagiza nikapimwe hospitali, kisha akaniuliza, taratibu, na mkono wa askari je?

Nikamwita mke wangu pale mbele, nikageuka ukutani, akanigusa bega, nikafanya tunavyofanya. Nyuma kule watu walicheka. Niliona mabega yanatikisika. Jaji hakucheka. Alimgeukia askari akamuuliza swali, na yule kijana akautazama mkono wake kitambo, akautazama kama ameshikishwa kitu cha mtu mwingine. Hakuwa na haraka, kwa hiyo nilimsoma mdomo wote. Alisema, "Shavuni, mheshimiwa. Aliuweka shavuni. Sikuelewa."

Hukumu itatolewa Agosti, kama faili halitapanda ghorofa.

Mdogo wako


Bweni la Wasichana
24 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea jikoni, mpishi akaniuliza kama kuna aliyefariki. Nikamwambia hapana, ni mdogo wangu amesema ukweli, na amenichosha mpaka kufika hapo.

"Sikuelewa." Huyo kijana alikuvunja mkono kwa kitu asichokielewa, akaona ni rahisi kuandika "kuuma". Namhurumia kidogo na natamani nimzabe kofi. Na yale mateke waliyokupiga baada ya pingu, wakili wa serikali amesema nini juu yake? Maana naona umenieleza ya shavu, umesahau la msingi.

Jipime sikio. Majibu niletee nakala. Mama wa Vitambaa umemwomba radhi? Kama bado, acha kusoma, nenda sasa hivi.

Dada yako


Karakana
20 Agosti

Dada, shikamoo.

Mama wa Vitambaa nilimwomba radhi siku ile ile, nje, kwenye lile benchi. Alinipiga kibao cha mkono, kisha akaniuliza redio yake itakuwa tayari lini. Kwa hiyo hilo limekwisha.

Hukumu imesomwa jana. Ilikuwa ndefu, na jaji alisoma ameinamia karatasi, kwa hiyo sikupata kitu. Nilikaa nimemkazia macho yule askari. Mwanzo alikaa wima, mikono magotini. Baadaye akainamisha kichwa, akaanza kuzungusha kofia yake mapajani, na hakukiinua tena mpaka tukatoka. Hivyo ndivyo nilivyojua nimeshinda. Wakili aliponishika mkono nilishajua.

Nimesomewa na mke wangu mezani. Jaji amenisema vikali kwa kuapa nisichokijua, na amenipunguzia fidia kwa ajili hiyo. Sikatai. Majibu ya hospitali ameyakubali, na la shavu pia. Kuhusu mateke amesema mtu aliyelala chini na pingu mikononi hana amri ya kukaidi, awe anasikia au hasikii. Nilimwambia mke wangu akirudie kipande hicho. Kwa hiyo, Dada, lile la msingi lilisimama peke yake tangu mwanzo, kama nilivyokwambia, na uniache nilisemee hilo hata mara moja.

Fidia inatosha kiwiko. Nitafunguliwa mwezi ujao.

Kazi, sasa. Kiongozi wa bendi alikuja kuchukua magitaa yake wiki ile ile ya ushahidi. Alisema anayahitaji kwa safari. Bendi ile haijasafiri tangu iundwe. Mwalimu wa kwaya hakuja mwenyewe, alituma watu wakabeba kinanda nikiwa bado sijakimaliza, kimefunguliwa tumbo. Yule mwenye gitaa la siku ile ndiye amebaki, na wengine wachache wa mitaani ambao hawajali fundi ana nini. Karakana sasa ina nafasi ya kutosha kulala ng'ombe. Siku nyingine nakaa hapa nakasirika kuanzia asubuhi, nikijiuliza nilikuwa na haraka gani ya kusimama. Lakini nikimwona yule mama akifungua duka lake siulizi tena.

Likizo yako ni Desemba. Njoo. Usiandike kwamba utaangalia, njoo tu. Ukiwa hapa kaa mbele yangu, kwenye mwanga, sema taratibu, na nikikuomba urudie, urudie. Nitakuomba mara nyingi na utachoka. Mimi nimechoka zaidi, Dada. Miaka yote hii naitikia "ndiyo" kwa mambo ambayo sijayasikia.

Mdogo wako,
Kidevu